Mzee Nyoofu na Mkongojo Uliopinda

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Nyoofu, alizaliwa tarehe 2 Februari 1949 katika nyumba ya mwisho ya mtaa ulio nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tano wa mchoma mkaa. Baba alichoma miti, naye tangu alipojua kutembea alikuwa akiiokoa. Kila kijiti kilichonyooka alikichomoa kwenye rundo kabla hakijaingia tanuruni, akakificha chini ya kitanda. Alichapwa kwa ajili hiyo, mara nyingi kwa vijiti hivyo hivyo, na hadi uzeeni alisimulia kwamba hata katikati ya kilio aliona vimenyooka vizuri.

Alisoma shule ya msingi ya jirani hadi darasa la saba, na mwaka 1965 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea useremala. Katika mtihani wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kigoda. Wenzake walileta vigoda. Yeye alileta mguu mmoja.

"Mingine bado haijanyooka," alimwambia mwalimu.

"Sasa mimi nikalie nini?"

"Mwalimu, subira huvuta heri."

Heri haikuvutika mwaka huo, alifeli, akarudia. Mwaka uliofuata alileta kigoda kizima cha miguu mitatu, akafaulu. Mguu wa nne, alisema, ulikuwa na kasoro, na yeye si mtu wa kukalisha watu juu ya kasoro.

Mwaka 1968 alifungua karakana yake, chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vyuma. Watu walitegemea vitanda na makabati. Yeye alitengeneza vijiti: mipini ya mifagio na majembe, fito za mapazia, vijiti vya bendera, vijiti vya walimu vya kuonyeshea ubaoni. Maseremala wenzake walimcheka kwamba kazi yake hata mti wenyewe unaiweza. "Kitanda kibovu utakifunika shuka," aliwajibu. "Kijiti utakifunika nini?" Akaendelea kupiga randa.

Mkewe, mshonaji, alifika karakana kuagiza mpini wa ufagio. Akaambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa ilipofika mpini ulikuwa haujanyooka. Akarudi Ijumaa nyingine, na nyingine tena, mpaka mama yake akamuuliza, "Mwanangu, huo ni mpini au ni posa?" Naye alilipeleka swali hilo karakana kama lilivyo. Fundi alipiga randa mara mbili, akafuta jasho, akasema, "Ni vyote viwili, ila mpini utachelewa." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976. Mpini ulikabidhiwa mwaka uliofuata.

Kipimo chake kilikuwa meza ya chakula ya nyumbani. Kila kijiti alikiviringisha juu yake, na kilichorukaruka hata kidogo kilikataliwa. Waliokuwa na njaa walisubiri. Vilivyokataliwa mkewe hakuvitupa. Alijenga navyo banda la kuku, akazungushia bustani, akaegemezea nyanya. Mwaka 1989 mtoto wao wa mwisho aliweka gololi kwenye meza ile, nayo ikajiendea yenyewe hadi katikati, ikatulia. Mzee aliitazama gololi. Akainama, akafumba jicho moja, akaitazama na meza. Ilikuwa imebonyea. Vijiti vyote alivyovihukumu tangu aoe havikuwa na kosa.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mshtakiwa hana hatia, hakimu ndiye kapinda!"

Siku hiyo marehemu hakula. Kesho yake aliung'oa ubao wa meza, akaupiga randa hadi ukawa tambarare, akaanza upya kama mtu aliyefungua karakana jana.

Mwaka 2016 mama yetu aliteleza bafuni akaumia nyonga. Tangu hapo alitembea akishika kuta, na mkongojo aliukataa katakata. Mzee alimtengenezea mmoja, mama akaugeuza wa kuanikia nguo. Akatengeneza wa pili, ukawa wa kufukuzia kuku.

"Mama watoto, fimbo ya mbali haiui nyoka," alimbembeleza.

"Nyoka yuko wapi humu ndani?"

Mwishowe mama alisema ukweli wake. "Mikongojo yako imenyooka mno. Nikiishika, naonekana mimi ndiye niliyepinda. Siku ukitengeneza uliopinda, nitauchukua."

"Siku hiyo haipo," alijibu Mzee. Ukaidi wao ulilingana, na miaka ikapita.

Mwaka 2022 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kisha kifua kikamsumbua. Daktari alimkataza vumbi la mbao. Aliahidi kutii, lakini maranda yaliendelea kuonekana mifukoni mwake. Mwezi Mei mwaka huu, akiwa amedhoofika sana, aliomba apelekwe karakana na kiti chake. Binti yake mkubwa alimsihi apumzike.

"Nikiondoka, mama yako atashika nini?" alimuuliza. "Kuta? Sikubali."

Alifanya kazi kidogo kidogo, akitweta, akishikilia randa kwa mikono miwili, akikataa kusaidiwa. Tarehe 31 Mei alirudi nyumbani na mkongojo, akauviringisha mezani. Ukarukaruka. Akauviringisha tena, nao ukarukaruka tena. Macho yake yalijaa machozi.

"Umepinda," alisema. "Uchomeni."

Mama aliinuka, akashika ukuta, akafika mezani. Akauchukua, akauegemea, akaenda hadi mlangoni na kurudi.

"Ndio huu," alisema. "Umenichelewesha kama ule mpini."

Mzee alifumba jicho moja, akautazama mkongojo, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu. "Nenda tena, nione," alisema. Mama akaenda tena.

Mzee Nyoofu alituaga Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, asubuhi, akiwa kitandani kwake. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, kigoda cha miguu mitatu, na banda la kuku ambalo litawazika kuku wote.

Leo tulimwandalia mama kiti cha magurudumu. Amekikataa. Ametoka getini hadi hapa kaburini kwa miguu yake, bila ukuta wowote wa kushika, nanyi nyote mliomwona ni mashahidi.

Mzee wetu, kazi yako imefika kwa mwenyewe. Pumzika sasa kwa amani. Ameushika.