Bahasha ya Kumi na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtafiti wa mbegu za ngano aliyetutoka Jumatatu. Wengi walimwita Bibi Elfu. Mnisamehe sauti yangu ikitetemeka. Ninaogopa, na kabla sijamaliza mtajua kwa nini.

Jina alilipata kazini. Kila siku alihesabu punje elfu moja za ngano, moja moja, kwa kibano, kisha akazipima. Mumewe, fundi saa, anacheka huku akifuta machozi: "Nilimwambia nampenda, akaniuliza, gramu ngapi?"

Punje elfu za kawaida zilikuwa na gramu arobaini. Zake zilifika hamsini na sita. Siri ilikuwa kwenye jeni, yale maagizo ambayo mmea unarithi kwa wazazi wake. Kuna jeni inayofanya kazi ya breki: inazuia punje isinenepe. Ngano ina nakala tatu za breki hiyo. Bibi Elfu alichanganya mbegu miaka kumi na tisa, hadi akapata mmea ambao breki zote tatu hazishiki.

Furaha ikamzidi. Majaribio hayajaisha, yeye akaanza kugawa mbegu. Bahasha kumi na mbili, kila moja imefungwa uzi mwekundu. Kumi na mbili, shikeni hesabu hiyo.

Msimu uliofuata, majani ya ngano yake yakatoa vumbi la rangi ya kutu. Ni ugonjwa huo, wasikilizaji, unaitwa kutu, na hubebwa na upepo. Unakula shamba la jirani, na la jirani wa jirani. Moja ya breki hizo zisizoshika ilitoka kwa mmea wa mwituni, na kando yake ilikaa jeni ya udhaifu kwa kutu. Zilirithiwa pamoja, chanda na pete.

Binti yake, muuguzi, anasema: "Mama akaanza kuuogopa upepo. Ukivuma tu, anafunga madirisha, anakaa na daftari mapajani. Nikamwambia, mama, majuto ni mjukuu. Akanijibu, basi mjukuu huyu ananimaliza."

Alizifuata bahasha nyumba kwa nyumba, akazichoma. Alipata kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuiandika. Yeye, aliyehesabu kila punje! Maneno yake ya mwisho hospitalini: "Imebaki moja, mwanangu. Nilimpa nani?"

Wasikilizaji wapendwa, alinipa mimi. Alikuja hapa studio kwa mahojiano, nikamsindikiza hadi langoni, akanitilia bahasha mfukoni. Nikampelekea mama yangu, nikasahau. Juzi binti yake aliponionyesha ule uzi mwekundu, nikaikumbuka.

Nikampigia mama simu.

"Ile ngano? Msimu wa pili huu, mwanangu. Masuke mazito hayo! Hata majirani nimewagawia."

"Mama, majani yakoje?"

"Mazuri. Yana kavumbi tu. Nikipita, gauni lote linageuka rangi ya chungwa."

Mzee fundi saa, dada muuguzi, poleni sana. Poleni, na mnisamehe. Nasi sote tujiulize: ni kipi tulichopewa kwa upendo, tukakipokea bila kuuliza?

Na ninyi majirani wa mama yangu, kama mnanisikia, msingoje kipindi kiishe. Ing'oeni. Ichomeni leo. Pazia la studio limeanza kupepea.