Ndara Zinazotazama Maji

Mheshimiwa mgeni rasmi, diwani wetu na muogeleaji mstaafu, Ndugu Mwenyekiti wa klabu, makocha wetu, wazazi wenzangu, wanamichezo mnaotakiwa kulala mapema leo na ambao najua hamtalala, na nyinyi wawili mliowekwa mstari wa mbele huku mkitamani wa nyuma, Mzee Umerudi na mkeo Mama Ndara: shikamooni, na habari za jioni.

Mtanisamehe sauti ikitetemeka. Mimi ni fundi cherehani. Maisha yangu yote nimetazama tundu la sindano, na kuanzia kesho nimepewa kutazama bwawa zima. Tangu asubuhi nachungulia dirisha lile pale kuona kama upepo umetulia, na haujatulia. Kwa hiyo nikinyamaza ghafla, msidhani nimesahau maneno. Nitakuwa nachungulia.

Ndugu wageni waalikwa, kwa mliofika leo kwa mara ya kwanza, klabu yetu ni ya michezo mitatu kwa mfululizo: mtu anaogelea, anapanda baiskeli, kisha anakimbia. Baiskeli ikimwangusha, tutamwokota. Akichoka kukimbia, ataketi kando ya barabara na kutulaumu. Lakini akizidiwa majini, nani atajua? Tangu klabu hii ilipokuwa na baiskeli za kuazima na kamba moja ya kuanikia taulo, jibu la swali hilo limekuwa watu wawili hawa, ambao hawakulipwa hata nauli, na ambao, jambo la kushangaza, wote wawili hawajui kuogelea.

Utaratibu wao mnaujua. Kila anayeingia majini anavua ndara zake ukingoni, vidole vikitazama maji. Mzee anasimama juu ya jiwe, anatafuta vichwa. Kichwa kikikaribia, anapaza sauti: "Umerudi!" Hasemi hongera. Awe wa kwanza, awe wa mwisho anayetapika maji, neno ni hilo hilo moja. Kisha Mama anainama, anaokota ndara za huyo aliyetoka, anampa mkononi. Huruhusiwi kuziokota mwenyewe, hata uwe na haraka ya namna gani. Ndara zilizobaki ukingoni ni mtu aliyebaki majini. Basi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ruhusa ulinipa mwenyewe pale mlangoni, sasa usinikazie macho. Kuna mwaka kijana mmoja, ambaye siku hizi anavaa tai na kutukatia utepe, alijikuta wa mwisho, mbali kabisa na wenzake. Akaona aibu. Akatokea upande wa pili wa bwawa, peku, akapanda pikipiki akaenda zake nyumbani. Huku nyuma, zimebaki ndara za bluu. Mama Ndara alisimama pembeni mwa ndara hizo akakataa kusogea. Mashindano yalisimamishwa. Mzee, asiyejua kuogelea, aliingia na suruali yake mpaka maji yakamfika kifuani, akaita jina mpaka sauti ikakauka. Wenzetu walipiga mbizi, wakaibuka, wakapiga tena. Na mheshimiwa? Alikutwa kwao anakunywa chai.

Cheka tu, mheshimiwa, ila siku ile hakuna aliyecheka. Alipoletwa, Mama hakumtukana. Alimpa ndara zake akamwambia, "Vaa. Halafu kaa hapa nikuone." Akakaa, Mama akamtazama, mpaka suruali ya Mzee ilipokauka juani. Ndipo klabu ikapata usemi wake: hata ukishindwa, pitia kwa Mama Ndara.

Sasa kwa nini wanatuacha? Wengine mmesikia ni magoti. Si magoti. Kwenye mazoezi ya mwezi uliopita, Mzee alisimama juu ya jiwe lake akaita, "Umerudi, kijana! Mbona hutoki?" Tukageuka kuangalia. Lilikuwa boya. Tulicheka, naye akacheka kutushinda sote. Kisha akashuka taratibu, akamfuata Mwenyekiti, nami nilikuwa hapo karibu nikasikia. Alisema, "Leo nimesalimia boya. Siku nyingine nitakiacha kichwa cha mtu nikidhani ni boya. Tafuteni macho mengine."

Ni wangapi kati yetu wangesema hivyo? Ni wangapi tungejitetea kwamba jua lilikuwa kali?

Mama naye akasema mikono yake imezoea macho ya mumewe, haiwezi kuanza kusikiliza ya mtu mwingine. Jiwe akapewa kocha msaidizi. Ndara nikapewa mimi. Sikuomba, na msifikiri ni heshima ninayoitamani. Maana kesho, miongoni mwa watakaoingia majini kwa mara ya kwanza, yumo kitindamimba wangu. Ndara zake nimezishona mwenyewe mkanda ulipokatika. Nitazijua hata gizani.

Jana uzalendo ulinishinda, nikaenda kwao. Niliwakuta jikoni, Mama anapepeta mchele, Mzee anachambua mawe, na yale anayoyakosa mkewe anayarudia kimya kimya. Nikamwambia, "Mama, njoo basi ukae tu kwenye kiti. Usifanye kitu."

"Nikae nifanye nini?" akanijibu. "Ukiniona pale utanitazama mimi. Maji atayatazama nani?"

"Na mwanangu akichelewa kutoka, Mama?"

Aliweka ungo chini. "Mwanangu, kesho huna binti. Wote ni wako mpaka ndara za mwisho ziondoke. Ukianza kutafuta jozi moja, hizo nyingine umezitupa."

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimekosea kukata gauni la mteja kwa sababu yake. Naogopa, ndugu zangu. Nalisema hapa mbele yenu ili kesho mkiniona nimesimama kama nguzo, mtu asije akaniuliza chai iko wapi.

Mama, Mzee, hatukuwaandalia ngao ya kutundika ukutani. Wanamichezo wamewanunulia ndara, jozi mbili, nami nimeshona mfuko wake. Nimeziweka hapa sakafuni mbele yenu, na mkitazama vizuri mtaona nimezigeuza. Haziangalii bwawa. Zinaangalia mlango wa kwenda nyumbani. Miaka yote hiyo mmekuwa majini pamoja na kila mtoto wetu, na hakuna aliyewaita mtoke hata siku moja. Basi naomba niinue sauti, jinsi Mzee alivyotufundisha.

Mzee, umerudi!

Mama, umerudi!

Njooni mpokee, mkononi, maana kuokota wenyewe hairuhusiwi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu wote, upepo bado unavuma. Nimeishiwa maneno. Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Kesho alfajiri, nawaomba mje ukingoni mniletee na macho.