Watu wa Kompyuta Hawachoti Maji

Benchi liko nje ya kibanda cha kuziba pancha, limeegemea ukuta. Asubuhi hukaliwa na watatu: Pancha, mwenye kibanda; Redio, kinyozi wa jirani; na Mama Buli, anayewauzia kahawa. Kila mwaka Dada Maswali, mtafiti wa huduma ya maji, huja kukaa katikati yao na kuuliza. Jana alituma ujumbe: anakuja, na huenda ikawa mara ya mwisho.

— Kampuni yake imepata kompyuta, alisema Redio. Imetengeneza watu elfu moja humo ndani. Wanajibu kama sisi.

— Wanakaa wapi? aliuliza Pancha.

— Humo humo.

— Maji wanachota wapi?

— Watu wa kompyuta hawachoti maji, bwana.

— Sasa wanaulizwa maji ya nini?

— Wewe cheka tu. Kesho watapiga kura, keshokutwa watakuja kuposa.

— Waje, alisema Mama Buli. Mkwe asiyekula hana hasara.

— Tena wamefundishwa kwa majibu yetu ya zamani.

Mama Buli aliweka buli chini.

— Majibu yetu yapi? Si alikuwa anajibu Mwalimu?

Kweli. Mwalimu mstaafu, marehemu sasa, ndiye aliyekuwa akijibu. Alikuwa akikunja miguu, akikohoa, akieleza bomba moja baada ya jingine mpaka kahawa inapoa. Wenzake walimalizia, "Kama alivyosema Mwalimu." Walipenda kumsikiliza.

— Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo, alisema Redio.

— Lake mbona lipo mpaka kwenye kompyuta? alisema Pancha. Letu sisi tuliopo ndilo halipo.

Wakacheka.

Dada Maswali alifika viatu vimejaa vumbi. Akapewa kikombe kabla salamu hazijaisha.

— Shikamoo mama. Kaka zangu, bosi amesema nikirudi na majibu yaleyale ya kompyuta, sina kazi.

— Tudanganye! alisema Redio. Andika: kwangu bomba linatoa maziwa.

— Hapana, kaka. Nataka la kweli.

Akageuka.

— Kaka Pancha, wewe mwenyewe maji unayaonaje?

Pancha alifuta mikono kwenye kitambaa. Akafungua mdomo. Akamtazama Redio, akamtazama Mama Buli.

— Sema basi, alisema Redio. Dada anangoja.

— Mwache, alisema Mama Buli. Ndiyo mara yake ya kwanza kuulizwa.