Mzee Etabo na Nyayo za Kituo cha Tatu

Tarehe 30 Juni 1979 Mzee Etabo Lokeno atafunga sanduku lake la chanjo kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mifugo hapa Lodwar kwa miaka ishirini na sita. Nimeombwa niandike wasifu wake. Wengi mtashangaa kwamba nimekubali, kwani kwa miaka mitatu nilimshuku mtu huyu hadharani.

Alianza mwaka 1953 akiwa skauti wa mifugo, akizunguka kwa miguu kutoka Kalokol hadi Kapedo kutafuta waliovusha ng'ombe wakati wa karantini. Hakuhitaji kuwaona ng'ombe wenyewe. Alisoma nyayo mchangani, akakutajia idadi yao na yupi anachechemea, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwa mwenye makosa. Wafugaji walimlaani asubuhi, na jioni wakamkaribisha maziwa.

Mwaka 1973 mwalimu mmoja Mmarekani alituletea besiboli, kisha akarudi kwao na kutuachia magongo manne. Lodwar tukaunda timu, Kakuma wakaunda yao. Mzee Etabo akawa mwamuzi, kwa sababu ndiye pekee aliyemsumbua mwalimu amweleze kila sheria mara mbili.

Mimi nilikuwa na shaka tangu mwanzo. Mkewe, mama Akai, ni wa Kakuma. Kila safari ya chanjo huko Mzee alikwenda na kibuyu kitupu, akarudi nacho kimejaa. Tena mchezoni sote tulitazama mpira, yeye akatazama miguu. Mwamuzi asiyetazama mpira anaficha nini? Niliyaandika hayo yote kwenye daftari.

Ikafika fainali ya Agosti 1976, tukiwa kumi na moja kwa kumi na moja, na beberu mweupe amefungwa pembeni akimngoja mshindi. Asekon wa Kakuma alitoka kituo cha pili, akanizunguka mimi niliyelinda kituo cha tatu, akatimua mbio kuelekea kituo cha nyumbani, akitafuta pointi ya ushindi. Mpira ukafika huko kidogo tu kabla yake, kwa hiyo alikuwa ametolewa. Tulishaanza kushangilia, Mzee akainua mkono: kizuizi. Sheria inasema mlinzi asiye na mpira, na ambaye haudaki wakati huo, hana ruhusa ya kusimama kwenye njia ya mkimbiaji. Mwamuzi akiona mkimbiaji angefika kama asingezuiwa, humhesabia kuwa amefika. Akamhesabia Asekon, na beberu akaenda Kakuma.

Niliiandikia kamati ya michezo barua, nikakusanya saini kumi na mbili. Nilisema mwamuzi amepewa kitu na wakwe zake, na kwamba hana ushahidi wowote. Kamati ikamwondoa. Ofisini nako sanduku lake likaanza kukaguliwa kila arudipo kutoka Kakuma, jambo ambalo halikumpata skauti mwingine yeyote. Mzee alilifungua, akasimama kando, akangoja wamalize.

Kuna jambo ambalo barua ile haikusema. Mchezo ulipokwisha, Mzee aliniita pale kituo cha tatu.

"Kiplagat, kuja. Angalia hii mguu. Ni ya nani?"

Nyayo za Asekon zilikuja zimenyooka, kisha zikapinda kuzunguka alama za viatu viwili zilizozama kwenye visigino, za mtu aliyesimama imara. Viatu vilikuwa vyangu. Mpira wakati ule ulikuwa mbali nami, na nilisimama pale makusudi. Nilizifuta alama zile kwa soli, yeye akitazama, kisha nikaenda kuandika kwamba hakuna ushahidi.

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alinisalimia "ejok," nami nikaishuku hata salamu hiyo, nikidhani ananivizia. Kumbe aliyekuwa akiogopa kukamatwa ni mimi. Naona aibu, tena sana.

Ninyi mliotia saini mliniamini tu. Jana nimeiandikia kamati barua nyingine, na nakala yake imebandikwa ukutani karibu na masjala, kila mtu aisome.

Mzee Etabo, asante kwa miaka yote ya jua na mchanga. Wewe na mama Akai tunawaombea afya, mvua ya kutosha na mifugo isiyougua. Na siku ile uliamua sawasawa, Mzee. Nilijua palepale.

J. Kiplagat, karani wa masjala