Mlango wa Nyuma wa Duka la Kabuku

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka kwenye mkeka huu, maana sauti yangu haifiki tena mbali, na leo ni Ijumaa, sina nafasi ya kurudia neno mara mbili. Mhina, kaa hapa nikuone. Isihaka, mtulize dada yako Mashavu, akinililia sasa nitashindwa kusema. Nimewaita kwa sababu jana Mwanaidi, binti anayeuza kwenye duka la kijiji, alikuja kunijulia hali, nikamuuliza kazi inaendaje, akaniambia kwamba tangu Mhina awe mwenyekiti wa kamati ya duka, mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli na ufunguo anao mwenyekiti, na Ijumaa, wanaume wote mkienda kuswali, yeye Mwanaidi hubaki humo peke yake na sukari ya kijiji kizima. Sikupata usingizi. Mhina, jambo hilo hukulibuni wewe, ulijifunza kwangu, na mimi nilimuua mtu kwa jambo hilohilo.

Msinikatize. Si homa inayosema.

Mnamkumbuka Ernesti, Mshambaa wa Vuga aliyekuwa akiuza dukani kwangu hapa Kabuku, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha. Nilimwajiri kwa hesabu zangu mwenyewe: alikuwa Mkristo, kwa hiyo sisi tukiwa msikitini yeye angeendelea kuuza, maana malori na mabasi ya barabara hii hayangoji mtu amalize kuswali, na jirani yangu Mwinjuma alikuwa akilifunga duka lake saa hizo. Nilijiona mjanja. Mwinjuma alinionya mapema, tena kwa upole, kwamba saa ile mji unabaki mtupu, mtu akipiga kelele watakaomsikia ni kuku, nifunge nami kwa saa moja, Mungu hatanipunguzia riziki. Nikamwambia ana wivu.

Halafu sukari ikaanza kupungua, nikamshuku Ernesti. Sikumuuliza. Nilinunua kufuli Korogwe, nikalitia mlango wa nyuma kwa ndani, na ufunguo nikawa natembea nao. Baadaye niligundua kwamba magunia yalikuwa yakija pungufu kutoka huko nilikonunua, lakini kufuli sikuliondoa, nilikuwa nimeshalizoea. Ernesti alinijia mara mbili. Mara ya pili alisimama kashika kofia yake mkononi, akasema, "Mzee, Ijumaa nabaki peke yangu na nyuma kumefungwa. Wakija watu wabaya nitatokea wapi?"

Nikamjibu, "Utatokea mbele, kama wateja."

Watu waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka nao. Yeye akarudi kupima sukari.

Ijumaa iliyofuata walishuka watu watatu kwenye lori, wana mapanga, khatibu akiwa bado yuko juu ya mimbari. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, ufunguo umo kwenye kanzu yangu. Hatukusikia chochote. Tuliporudi nilimkuta Ernesti ameanguka chini ya mlango wa nyuma, amekatwa kichwani na mabegani, na mbao za mlango zimekwanguliwa kwa kucha zake. Alikuwa na mke, Raheli, na watoto watatu.

Sasa lisikieni lililo baya zaidi. Kabla polisi hawajafika, niliinama kana kwamba namfumba macho marehemu, nikautoa ule ufunguo nikautia kwenye mfuko wa shati lake. Askari walipoukuta, wakaniuliza inakuwaje mtu mwenye ufunguo asijifungulie, nikasema Mungu ndiye ajuaye. Neno hilo likatosha. Watu wakasema alikula njama na wezi, ndiyo maana hakukimbia, nao wakamgeuka. Raheli aliposhuka kutoka milimani kuuchukua mwili, aliniuliza mbele ya watu kama mumewe alikuwa mwizi, nami nikatazama chini. Akaondoka na jibu hilo. Wale watoto wamekua wakiitwa watoto wa mwizi, kwa sababu yangu.

Mwinjuma aliniona. Alikuwa amesimama mlango wa mbele. Alisema, hakuaminiwa, kwa kuwa nilishawaambia watu, na ninyi pia, kwamba anakitaka kiwanja chetu. Hakitaki. Miaka kumi mmepita mlangoni kwake bila salamu kwa uongo wangu. Mkamwamkie, mkae kwake, mkimkuta amekasirika mvumilie.

Maji. Kidogo tu... Inatosha.

Shamba la Kwamsisi na michungwa yake mgawane kisheria, Mashavu asipunjwe hata mti mmoja. Nyumba ya bati, ile iliyokuwa duka, naitoa katika theluthi ambayo sheria inaniruhusu kumpa mtu asiyenirithi: ni ya Raheli. Msimwambie ni sadaka, wala msidhani nyumba inalipa mtu. Isihaka, panda Vuga mwenyewe, usitume barua, umweleze yote mbele ya wanawe. Na siku ya kunizika, watakapouliza ni nani anayemdai marehemu, msiache maneno yaishie hapo. Simama useme: baba yangu alimfungia mtu ndani, akamtilia ufunguo mfukoni, Ernesti hakuwa mwizi. Sema kwa sauti mpaka wa nyuma wasikie. Mtaona haya mbele ya watu, na hilo nalo nimewaachia, mnisamehe.

Mhina, najua unachotaka kusema, kwamba sukari ikiibwa kijiji kitakuuliza wewe. Kweli kitakuuliza. Na Mwanaidi akikatwa, nani atakuuliza? Ukimweka mtu kulinda mali, uhai wake uko juu yako tangu anapofungua duka mpaka arudi kwao, wala si kazi yake kukubembeleza. Mpe ufunguo wake. Mwekee mwenzake. Saa ya swala fungeni, wateja wangoje. Kamati ikikataa, achana nayo kamati.

Sioni vizuri... Nani amefunga dirisha? Isihaka, Mashavu, nimewaridhia, Mungu awape watoto wa kuwazika. Na wewe Mhina nimekuridhia, umesikia, wote wamesikia. Sasa uniachie mkono. Umeshavaa kanzu, utachelewa... Usikae kunitazama, mwanangu, mimi nimekwisha, Isihaka atanisomea. Yule binti yuko ndani peke yake. Nenda ukafungue.

Hiyo... hiyo si adhana? Kimbia, Mhina.