Shangazi Anastaafu, Kioo Bado Kinapimwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya lenzi, fundi wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sote humwita Shangazi, meneja akiwemo. Hata mumewe akija kumchukua humwita hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini.

Mchana alikata lenzi za miwani. Jioni aliwahudumia wale wanaosaga vioo vya darubini majumbani, watu ambao wake zao wameshazoea kukuta unga wa kusagia ndani ya bakuli la sukari. Kioo cha namna hiyo ukikimulika na kuutazama mwanga unaorudi ukikatwa na ukingo wa wembe, hata kikiwa kizuri huonyesha vivuli vya kuchanganya. Shangazi hubuni lenzi ya kuweka kwenye njia ya mwanga ili vivuli vile vifutike. Kioo kikiwa sawa, uso wote hufifia kwa pamoja. Kikiwa na kasoro, inajianika yenyewe. Hata mimi niliweza kupima, mimi niliyewahi kutangaza ufa, kumbe ni unywele kwenye miwani yangu.

Ila Shangazi hatulii. Hukalia kiti kana kwamba kina kaa la moto, na lenzi ikimwambia kioo ni kizuri, huishuku lenzi.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa hesabu alileta kioo alichokisaga kwa miaka miwili. Kikafifia chote, safi. Tukapiga makofi, gari la kukipeleka kupakwa alumini ili kiakisi mwanga likaitwa. Shangazi alizunguka meza, akasahau chai yake, akanywa yangu, kisha akaenda kusimama mbele ya gari. Kwa hesabu zake, hata kwa miaka miwili kioo kilikuwa kimeiva mapema mno. Mwalimu akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, amemkosea nini. Dereva akazima injini, akafungua gazeti.

Shangazi akabuni kipimo kingine, cha lenzi mbili. Kikasema katikati ya kioo bado hapajachimbika vya kutosha. Kumbe Shangazi alipoifuta lenzi ya kwanza aliirudisha kinyume, tumbo, yaani upande uliovimba, likatazama kusikotakiwa: kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Alilitangaza mwenyewe kwenye kikao cha asubuhi, kabla hatujapata nafasi ya kumsengenya.

Tangu hapo amekuwa akisimama nyuma ya mwalimu kila jioni, mwalimu naye akisugua kioo na kunung'unika. Juzi vipimo vyote viwili vilikubaliana. Gari likaondoka, Shangazi kiti cha mbele, kioo mapajani.

Kitawekwa kwenye darubini na kuelekezwa angani Jumamosi ya kwanza ya Julai, yeye akiwa tayari mstaafu. Nyota ikiwa nukta, atalala usingizi. Ikiwa kama yai la kukaanga, mlinzi wa getini ameshaambiwa asimdai kitambulisho akirudi kazini Jumatatu.

Shangazi, ahsante kwa kutufundisha kutazama mara mbili. Tunakutakia mapumziko marefu, na nyota ndogo kama ncha ya sindano.