Kidonda cha Ulimi na Sauti Niliyobaki Nayo

Wamama wenzangu, mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Maneno yangu siku hizi yanatoka yakiburuzika. Mkiona nimenyamaza nanywa maji, msidhani nimesahau. Ni mate sina.

Mnanijua, mjane wa hapa hapa Mpemba, huku kwetu mpakani, muuza maharage. Sabini nimeshaipita. Sijavuta sigara, pombe siijui. Kilianza kidonda pembeni mwa ulimi, nikadhani jino linanikwangua. Nikasukutua maji ya chumvi, nikanunua dawa dukani. Hakikupona, mpaka chai ya moto ikanishinda. Binti yangu akanipeleka hospitali, daktari wa meno akakata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yakarudi: saratani.

"Nimeitoa wapi, baba?" nikamuuliza.

"Mama, wengine tunajua ni tumbaku. Kwako wewe, kusema kweli, sijui."

Ndugu zangu, nawaambia, angenilaumu ningeelewa. Hilo la kutojua lilinichanganya kuliko ugonjwa wenyewe.

Tukapanda basi mpaka Dar. Wakanikata kipande cha ulimi. Nikasema basi, yameisha. Kumbe bado kuna mionzi, na kabla ya mionzi wanataka kuning'oa meno!

"Mimi nimeleta ulimi," nikawaambia, "meno yamewakosea nini?"

Nesi akaeleza kwamba taya likishapigwa mionzi, kidonda cha jino huwa hakiponi vizuri, kwa hiyo meno mabovu yanatangulia kutoka. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa.

Chumba cha mionzi nacho! Wanakuvisha kitu cha plastiki usoni kilichofinyangwa kwa sura yako, wanakibana mezani usitikisike, halafu wao wote wanatoka na kufunga mlango. Nikajiuliza, kama ni dawa, mbona wanaikimbia?

Siku za mwanzo sikusikia kitu. Baadaye mdomo ukawaka kama nimemeza makaa. Uji ukawa na ladha ya majivu, maji yakawa machungu. Binti yangu akionja, anasema chakula ni kizuri. Nikaanza kumtilia shaka mwanangu mwenyewe. Asubuhi moja nikaamka natafuta jembe niende shambani Ndalambo, nikamwita nesi kwa jina la marehemu mama yangu. Wakasema mwili umekauka maji. Wakaniwekea dripu na mpira wa puani wa kunilishia. Akili ikarudi, lakini kila alfajiri nilikuwa naangalia kwanza dirishani nijue niko wapi.

Ndipo mdogo wangu, yule aliyeolewa Nakonde ng'ambo ya mpaka, akapiga simu. Nikapokea mwenyewe, nikamsalimia.

"Wewe nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani? Mpe simu dada yangu, tafadhali."

Nikajaribu kutaja jina langu. Halikutoka. Akakata.

Wamama, tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote. Kama huyo hanijui, basi wanayemtibu pale ni nani? Nikamwambia binti yangu, "Nirudishe nyumbani. Nikafie kwetu."

Binti akamwita daktari. Akaja, akavuta kiti akakaa, hakusimama juu yangu kama wengine. Nikamuuliza taratibu, akasubiri mpaka nimalize: "Haya maumivu ni ugonjwa au ni dawa?"

"Ni dawa, bibi. Ugonjwa ulikuwa kile kidonda. Huu moto ni sisi tumeuwasha. Kwa umri wako mwili unachelewa kujijenga, kwa hiyo utaumwa zaidi ya kijana, hata baada ya kumaliza. Ukitaka kuacha, ni haki yako. Lakini usiache ukidhani umeshindwa."

Nililia. Inawezekana walishaniambia, sikusikia. Siku ile nilisikia. Nikamwambia, "Basi endeleeni."

Mdogo wangu, binti alipompigia kumweleza, alipanda basi akaja. Akakaa kitandani pangu, akaniongelesha kwa lugha yetu ya nyumbani, na kila neno lililonishinda alinisubiri. Siku ya kwanza alielewa machache. Tulipomaliza mionzi, alikuwa ananitafsiria kwa manesi.

Nilirudi hapa nimekonda, mkadhani ugonjwa umenizidi. Hata mimi nilidhani hivyo. Miezi ikapita. Kuna mchana nilikuwa nakula majani ya maboga yaliyoungwa karanga, nikasimamisha kijiko: nimesikia chumvi! Nikapiga kelele, binti akaja mbio akidhani nimepaliwa.

Nimekwenda kuangaliwa tena, wanasema hawaoni dalili. Nikiwauliza kama nimepona moja kwa moja, wanasema tuendelee kuangalia. Sijui nilie au nicheke, kwa hiyo napika.

Nawashukuru mlionisagia nafaka ya uji, mlionilindia meza yangu sokoni, daktari yule aliyekaa, binti yangu na mdogo wangu. Mungu awatunze. Na wewe mwenye kidonda mdomoni kisichopona wiki ya pili, ya tatu, usikae nacho, nenda kikaangaliwe. Wakikuambia jambo hujalielewa, usiitikie kwa kichwa kama nilivyofanya. Uliza.

Jambo la mwisho. Mkija nyumbani, msimuulize binti yangu, "Bibi anaendeleaje?" na mimi nimekaa hapo hapo. Niulizeni mimi. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.